Meza Kuukuu katika Chumba cha Boriti: Tathmini ya Duka la Samani Lamu

Chumba cha kukaa cha nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, Lamu, kina upana wa dhiraa sita, yaani takriban mita 2.75, na upana huo haukuchaguliwa na mtu bali na mti. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliezeka dari kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo huku imebeba uzito wa mawe na chokaa ya sakafu ya juu, vyumba vya mji huu vikawa virefu na vyembamba, hata katika majumba ya waliokuwa matajiri. Mtu anayetafuta meza kuukuu ya kuweka katikati ya chumba kama hicho huanza na hesabu hiyo, apende asipende. Nasema haya mapema kwa sababu duka ninalolitathmini lina meza nyingi za kupendeza, na nyingi kati ya hizo hazifai kwa nyumba ya Lamu.

Duka lenyewe liko upande wa mtaa wa Langoni, katika kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, chini ya nyumba ya mawe ambayo daka lake, yaani baraza la mlangoni, limegeuzwa karakana. Mwenye duka ni mzee anayenunua samani kutoka nyumba zinazohamwa au kugawanywa na warithi, na anayezitengeneza ni mtoto wa ndugu yake, fundi aliyejifunza kuchonga nakshi kabla ya kujifunza kukarabati. Sitalitaja kwa jina kwa kuwa nina malalamiko mawili juu ya kazi yao, na sitaki maneno ya mteja mmoja yawe hukumu ya duka zima. Meza niliyoinunua hapo nimeishi nayo kwa kaskazi mbili na masika moja, muda ambao naamini unatosha kuijua mbao.

Kabla ya kununua chochote nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa mdogo: mbona katika nyumba ya bibi yangu hapakuwa na meza katikati? Jibu linaonekana katika ujenzi wenyewe. Msana, chumba kirefu kinachofunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, ulikuwa mahali pa kukaa chini. Chakula kililetwa juu ya sinia kikiwa kimefunikwa kwa kawa, kikaliwa mkekani, kisha sinia likaondoka na chumba kikabaki wazi. Msahafu ulikuwa na marfaa yake, kibao cha kuuwekea unaposomwa. Vitu vya kutazamwa, kama sahani za kauri zilizovuka bahari, vilikaa ndani ya zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ukutani, ambazo ziliukabili mwanga wa kiwandani na kuyakaribisha macho ya kila aliyeingia. Katikati paliachwa pawe pa watu. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia "meza ya katikati ya Kiamu ya kale" anakuuzia kitu kilichotoka kwingine, au kitu kilichotengenezwa kutokana na kitu kingine, na kazi ya mnunuzi ni kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Hata huko ilikotoka desturi hiyo, meza fupi ya kuwekwa mbele ya kochi si ya kale sana. Katika nyumba za Uingereza na Ufaransa za karne ya 19, meza ya katikati ilikuwa na kimo cha meza ya kulia chakula, sentimita 70 au zaidi, na watu waliizunguka wakiwa vitini ili kusoma au kushona chini ya taa moja. Meza ya sentimita 40 au 45 ilienea katika karne ya 20, pamoja na makochi ya kukaa kwa kuegemea. Wafanyabiashara wa samani kwa kawaida huita kitu "cha kale" kinapofikisha miaka 100, na vilivyo chini ya hapo huviita vya zamani tu. Ukiunganisha mambo hayo mawili utaona kwamba meza fupi iliyopita miaka 100 huwa ni nadra, na kwamba nyingi zinazoitwa hivyo zilikuwa ndefu zikakatwa miguu. Kukatwa si dhambi, lakini hupunguza thamani, na bei inapaswa kulionyesha hilo.

Dukani, kitu cha kwanza mzee alichonionyesha kilikuwa kasha. Alikuwa nalo la msaji, yaani mtiki, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa mapambo usoni na watoto watatu wa kuvuta, yaani droo, kwa chini, la aina iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka Surat na Bombay na baadaye kuigwa na mafundi wa pwani yetu. Ni chombo cha fahari, na ndani, upande wa kushoto, kilikuwa na kishubaka cha kuwekea vitu vidogo ambacho bado kifuniko chake kinafunga sawasawa. Nililipenda sana, nikalikataa. Kasha huwa na kimo cha sentimita 50 hadi 60, juu kuliko kiti cha kochi, hivyo kikombe unakiinulia mkono badala ya kukishushia. Magoti hayana pa kuingia kwa kuwa mbele ni ubao mtupu. Tena kasha limeumbwa lifunguliwe kwa juu, na kila unapotaka kulifungua lazima uondoe sinia, vikombe na kila kilichokaa juu yake, na matokeo yake ni kwamba halifunguliwi kamwe na nguo zilizomo hushika uvundo. Kasha la namna ile likae ukutani, chini ya zidaka, mahali ambapo mapambo yake yanaonekana na kifuniko chake kinafanya kazi.

Kando yake palikuwa na masinia makubwa ya shaba juu ya miguu ya mbao inayokunjwa, kazi ya mafundi wa India ambao miji yao, hasa Moradabad, inajulikana kwa shaba hadi leo. Ni ya umri wa wastani na bei nafuu, na kwa chumba chetu yana sifa moja isiyopatikana kwenye meza nyingine yoyote: jioni unaweza kukunja miguu, ukaegemeza sinia ukutani, na chumba kikarudi kuwa cha mkeka. Uso wake unarudisha mwanga, jambo ambalo si dogo katika msana unaopata nuru kutoka upande mmoja tu. Udhaifu wake ni kwamba sinia halishikani na miguu, na mtoto akiliegemea ukingoni linabinuka pamoja na kahawa yote. Kama nyumba yangu isingekuwa na wajukuu wa dada yangu, huenda ningenunua sinia na tathmini hii ingekuwa fupi.

Meza za mbao za jahazi zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndizo wageni wanazozifuata Lamu, na ndizo zinazosemewa mengi yasiyo sahihi. Jahazi au mashua ikizeeka huvunjwa, na mbao zake za ubavuni, mara nyingi za msaji au mbao nyingine ngumu, hugeuzwa meza, vitanda na fremu za vioo. Mbao ni kuukuu kweli, lakini meza ni mpya. Nilipomuuliza mzee kuhusu moja iliyoandikwa kuwa ya kale, alinijibu bila kuficha, "Mbao ndizo zilizosafiri, mwanangu. Meza tumeitengeneza mwaka jana." Jibu hilo lilinifanya nimwamini katika mengine, ingawa lingekuwa na heshima zaidi kama lingekuwa kwenye karatasi iliyobandikwa. Mbao za jahazi zina uzuri wa aina yake: matundu ya misumari yenye duara jeusi la kutu, mabaki ya rangi ya samawati na ya kijani yaliyopakwa safu juu ya safu, na mistari ambapo pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, iliingizwa. Zina pia chumvi ndani yake. Msimu wa mvua chumvi huvuta unyevu, skrubu za chuma za kawaida hushika kutu upesi, na uso huhisi kama umeoshwa na haukukauka. Kama ubao ulikuwa umepakwa sifa kwa miaka mingi, harufu ya mafuta ya papa itarudi siku ya joto, hata baada ya kupigwa randa. Anayeitaka meza ya namna hiyo aiweke kichwa chini juani kwa siku mbili tatu kabla ya kuilipia, kisha ainuse, na ahakikishe kwamba skrubu zilizotumika ni za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Nyuma kabisa ya duka, chini ya turubai, palikuwa na kitu ambacho kilinihuzunisha: ubao wa mlango wa nakshi uliolazwa juu ya miguu mipya, tayari kuwekewa kioo. Mzee alisema ulitoka bara, katika nyumba iliyobomolewa, na sina sababu ya kumwita mwongo. Lakini nitasema ninavyoamini. Mlango wa nakshi haukutengenezwa utazamwe kutoka juu na watu walioinama juu ya vikombe. Ulitengenezwa usimame, mwanga wa jua uupige kwa pembeni na kuitoa michoro yake, na mgeni ausome kabla ya kupiga hodi. Ukiulaza na kuufunika kwa kioo, michoro inazimika. Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inailinda milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895; kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Mnunuzi wa kigeni anayefikiri amejipatia meza ya kupeleka kwao anaweza kuiacha bandarini. Na kwa sisi wenyeji, mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu nyumba zake bado ni nyumba, na mlango unaong'olewa Mkomani ili uwe meza ya sebule ya mtu unaacha tundu ambalo hakuna kioo kitakachoziba. Mafundi wanaochonga nakshi wapo. Anayependa nakshi mezani na amwagize fundi ubao mpya, naye fundi apate riziki yake.

Nitapita haraka kwenye samani zenye vipande vyeupe vilivyopachikwa. Mfupa wa ng'ombe una vitone vyeusi vidogo ukiutazama kwa karibu, na pembe ya ndovu haina vitone hivyo bali ina mistari inayokatana. Biashara ya pembe imekatazwa Kenya, kuukuu au mpya. Usipoweza kutofautisha, acha.

Meza niliyoichukua hatimaye ilikuwa imegeuzwa ukutani. Ni ya msaji, ina urefu wa sentimita 110, upana wa 48 na kimo cha 43, miguu minne iliyokerezwa na mtoto mmoja wa kuvuta. Mzee alianza kunieleza kwamba ilikuwa ya karani fulani wa zamani, nikamwomba ruhusa niipindue kwanza, na hapo ndipo nilipoona thamani ya kuja na tochi. Uso wa meza hupigwa randa, hupakwa rangi na kusifiwa, lakini tumbo lake huachwa lilivyo. Chini ya ubao niliona alama za msumeno zilizonyooka na kupishana unene, za mkono, si zile za upinde zinazoachwa na msumeno wa duara. Pembe za mtoto wa meza ziliunganishwa kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, moja pana na jingine jembamba, wakati mashine hukata yote sawa. Miguu iliingia kwenye fremu kwa ulimi na tundu, na kila ulimi ulifungwa kwa kijiti cha mti kilichochomoza kidogo, kwa kuwa mbao husinyaa kwa upana kadiri miaka inavyopita ilhali kijiti hakifupiki kwa urefu wake. Hilo la kusinyaa ndilo pia humfichua muuzaji wa meza za duara: duara la kale likipimwa kwa futi huwa fupi kwa kukata nyuzi za mbao kuliko kwa kufuata nyuzi, na duara lililo kamili pande zote lina uwezekano mkubwa wa kuwa la juzi.

Nilichokiona pia ni kwamba miguu iliishia ghafla katikati ya pete ya kerezo, na ncha zake zilikuwa na rangi changa kuliko sehemu nyingine zote. Tena skrubu mbili zilizoshikilia ubao zilikuwa za kichwa cha msalaba, aina ambayo haikuuzwa kabla ya miaka ya 1930.

"Ami, miguu hii imekatwa," nilimwambia.

"Imekatwa, mwanangu, na mimi ndiye niliyeikata. Ilikaa hapa miaka mitatu ikiwa ndefu, hakuna aliyeitaka."

Tukaanza upya katika bei. Alikuwa amesema shilingi 52,000; tulikubaliana 36,000, na nafikiri ni bei ya haki kwa meza ya msaji iliyotengenezwa kwa mkono ambayo imepoteza theluthi ya miguu yake. Kama ingekuwa haijakatwa, 52,000 isingekuwa ghali. Kama ingekuwa mbao mpya iliyopakwa rangi ya chai ili ionekane kuukuu, 15,000 ingekuwa nyingi. Jambo moja sitalisahau katika kumsifu: nilipomwomba aandike kwenye risiti kwamba miguu imekatwa na skrubu si za asili, aliandika kwa mkono wake bila kunung'unika.

Sasa malalamiko. La kwanza ni vanishi. Fundi wa duka hili ana mkono mzuri wa kuchonga, lakini anaamini kwamba kitu kilichokarabatiwa lazima king'ae, na meza yangu ilikuwa imepakwa vanishi nzito ya kung'aa kama ya mlango wa ofisi. Mbao inayoshikwa na watu kwa vizazi hupata uso laini na rangi yenye kina, iliyo nyeusi zaidi ukingoni ambako mikono imeshika na nyepesi zaidi katikati ambako vitambaa vimesugua, na tofauti hizo ndizo unazozilipia. Vanishi ya namna ile huzizika zote chini ya kioo kimoja. Baya zaidi, chini ya vanishi kulikuwa na ufa wa urefu wa shubiri mbili uliozibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kaskazi ilipoingia na upepo mkavu ukaanza kupita kiwandani, mbao ilisinyaa kama inavyopaswa, na ule uji uliogandishwa ukachomoka vipande vipande. Ufa wa mbao hauzibwi kwa kitu kisichoweza kwenda na mbao. Huzibwa kwa kijiti cha mbao ileile kilichochongwa kikafuata ufa, au hushikwa kwa chini kwa kipande kilichokatwa umbo la kipepeo. Niliirudisha. Fundi alikubali, akaondoa vanishi kwa kukwangua na si kwa randa, kama nilivyomsihi, akatia kijiti cha msaji, kisha tukaipaka mafuta ya kitani mara tatu, kila safari tukisubiri yakauke. Hakunitoza. Watu wengi hapa hutumia mafuta ya nazi, lakini mafuta ya nazi hayakauki juu ya mbao. Hubaki yakinata, hukusanya vumbi na kuwaita sisimizi.

Lalamiko la pili ni fukusi. Wiki ya tatu niliona unga mweupe sakafuni, mwembamba kama wa muhogo, chini ya ubao wa kushikilia mtoto wa meza. Matundu ya zamani huwa meusi ndani na hayatoi kitu. Yanayotoa unga ni makao ya mdudu aliye hai. Kiini cha msaji humshinda fukusi, lakini ubao ule haukuwa wa msaji, ulikuwa wa mbao laini uliowekwa na mtu fulani alipokarabati zamani, na duka halikuukagua. Uliondolewa na kubadilishwa. Duka linalonunua samani kutoka nyumba zilizofungwa kwa miaka linapaswa kutandika kitambaa cheusi chini ya kila kitu kwa wiki mbili kabla ya kukiuza. Kitambaa ni bei ya vikombe vichache vya chai, na fukusi mmoja akiingia nyumba ya boriti na milango ya kale, hasara yake haihesabiki.

Nije kwenye kuipanga, ambako nilikosea kwanza kisha nikajifunza. Kochi langu lina kina cha sentimita 80. Kati ya kochi na meza panahitajika 40 ili mtu apitishe magoti na bado afikie kikombe bila kuinuka. Meza ina 48. Jumla ni 168, na zinabaki sentimita 107 hadi ukuta wa zidaka, nafasi ya kupita watu wawili bila kugusana. Kama ningenunua ile meza ya duara ya sentimita 90 iliyonivutia mlangoni, ningebakiwa na 65, na kila mgeni angepita kwa ubavu. Kwa chumba cha boriti, kwa hiyo, natoa kipimo changu: shubiri mbili za upana, na ukizidi sana nusu shubiri zaidi. Urefu uwe kama theluthi mbili ya kochi. Kimo kiwe sawa na mto wa kochi au chini yake kidogo.

Niliiweka kwanza katikati kabisa ya chumba kwa futi, na haikupendeza. Mbao nyeusi mahali penye giza ikawa kama shimo. Niliisogeza karibu na uwazi wa kiwanda, kiasi cha dhiraa moja, na mara ikaanza kuonekana: mwanga wa asubuhi unapita juu ya ubao kwa ulalo, nyuzi za msaji zinajitokeza, na ukuta wa chokaa nyuma yake unaifanya iwe na umbo. Chumba chenye kuta nyeupe hakiogopi mbao nyeusi, mradi mwanga uifikie. Sakafu yetu ya chokaa ina mabonde, na meza ya miguu minne ilikuwa ikicheza. Nilikata kipande cha ngozi kuukuu ya kiatu nikakibandika chini ya mguu mmoja. Meza ya miguu mitatu haina tatizo hilo, kwa kuwa miguu mitatu hukaa popote, na kwa nyumba zenye sakafu za kale nashauri ziangaliwe kwanza.

Juu yake niliweka vitu vingi mno: sinia, dele la kahawa, mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha kufukizia ubani, vitabu vitatu, bakuli la kauri. Ikawa kama meza ya mnada. Ndipo nikaelewa kwamba nyumba hii tayari ina mahali pa kuonyesha vitu. Kauri ilirudi kwenye kidaka chake, mrashi ukaenda juu ya kasha dogo la mama, na juu ya meza nikaacha sinia moja la shaba lisilo kubwa, likiwa upande mmoja na si katikati, pamoja na kisahani cha asumini jioni. Robo tatu ya ubao iko tupu. Wageni wakija, utupu huo ndio unaopokea vikombe, tende na halua, na wakiondoka meza inarudi kuwa mbao. Dele ndilo pekee lenye kimo, na hukaa pale tu linapotumika. Chetezo hakipaswi kukaa juu ya mbao bila kitu. Nilikiweka usiku mmoja wa wageni na kimeacha duara jeupe, nami sasa huweka chini yake kipande cha jiwe. Shaba naisafisha kwa ukwaju na kuiosha vizuri, ila sinia huliondoa mezani kwanza, kwa sababu maji ya ukwaju hutia msaji madoa.

Dada yangu alishauri kioo juu ya meza. Kwa hali ya hewa ya Lamu sikushauri. Kioo kilicholala moja kwa moja juu ya mbao hufungia unyevu, na masika ikifika utaona kuvu ya kijivu ikitambaa chini yake mahali ambapo kitambaa hakifiki. Anayelazimika akiweke juu ya vipira vidogo ili hewa ipite.

Masika yenyewe ilinifundisha jambo la mwisho kuhusu meza hii. Mwezi wa Mei mtoto wa meza aligoma kufunguka, nami nikadhani ameharibika. Fundi alipokuja alikataa kumpiga randa. Alisema akipunguzwa sasa akiwa amevimba, kaskazi atakuwa akicheza ndani ya nafasi yake kama jino bovu. Alisugua nta ya nyuki pembeni, akanitaka nisubiri. Kufikia Agosti alikuwa akifunguka kwa kidole. Hapo nilimpa fundi huyo heshima ambayo vanishi yake ilikuwa imemnyima.

Kwa atakayekwenda: duka hufungwa baada ya adhuhuri na kufunguliwa tena baada ya alasiri, lakini nenda asubuhi, kwa kuwa mwanga huingia karakana upande wa mashariki na tumbo la meza linaonekana bila tochi. Beba futi, na kipimo cha chumba chako kiwe kimeandikwa, si cha kukisia. Kupeleka meza ndani ya mji ni shilingi 500 kwa hamali mmoja mwenye mkokoteni, na kwa vichochoro vya Mkomani ambavyo mkokoteni haupiti, watu wawili huibeba kwa kamba; kwa kijiji cha Shela huenda kwa mashua kutoka gatini, na hapo izungushie magunia mwenyewe miguuni kabla haijapakiwa. Nilipopita wiki iliyopita, ile meza ya mlango ilikuwa bado chini ya turubai, na kando yake palikuwa na meza ya duara ya miguu mitatu, ya mvule, kipenyo cha sentimita 55. Niliipima kwa kukata nyuzi na kwa kufuata nyuzi. Tofauti ilikuwa milimita sita.